Kadi Sita kwa Mama

Alhamisi, 4

Mwalimu wa karakana ya viatu ametugawia madaftari tuandike wiki ya mapumziko: tulikwenda wapi, tuliona nini, tulijifunza nini. Hili si lile. Hili nimelinunua mwenyewe, ni dogo, linaingia kwenye soksi.

Mvua tangu asubuhi. Chuo kimefungwa, na kiatu changu cha mtihani, cha kushoto, kimefungiwa humo bila soli. Nilikuwa nimejipangia kukaa dirishani wiki nzima bila kuongea na mtu. Lakini jioni baba wa nyumba hii alibandika karatasi kwenye mlango wa jokofu. Kazi yake ni kupanga ratiba za treni, mwaka wa ishirini na mbili huu, na mkewe na binti yake wanamwita Baba Ratiba naye hakasiriki. Kila mwaka wiki hii wanazunguka nchi yao kwa gari. Mwaka huu wanazunguka kwa ajili yangu, nione.

Imepangwa dakika kwa dakika. Saa 2:40 kuondoka. Saa 3:25 haja ndogo.

"Na ikinijia saa tatu na nusu?" aliuliza Kasuku, binti yao wa miaka kumi. Jina hilo amelifanyia kazi.

"Itasubiri kituo kinachofuata."

Tulicheka wote. Kisha nikafika mstari mmoja karibu na mwisho. Jumamosi, tarehe 13, saa 5:00 asubuhi: kumpigia simu mama wa Mgeni, familia yote.

Mgeni ni mimi. Mama yangu alifariki Januari, tarehe kumi na tisa.

Ijumaa, 5

Niandike ilivyokuwa, angalau hapa.

Fomu ya kubadilishana wanafunzi aliijaza mama mwenyewe, Septemba mwaka jana, mimi nikiwa nakata nyuzi pembeni yake. Alitumia ile kalamu ya kijani aliyoandikia vipimo vya wateja. Jina lake. Kazi: fundi cherehani. Halafu kulikuwa na visanduku viwili, yupo na hayupo. Akaweka alama kwenye yupo, akacheka. "Swali gani hili? Sasa nani anajaza, mzuka?"

Mwezi wa tatu karani wa chuo cha kwetu alinirudishia fomu. "Kama kuna mabadiliko, kata kwa mstari, andika juu, weka sahihi." Nilikaa nayo kwenye benchi nje ya ofisi. Kukata maana yake kupitisha kalamu yangu juu ya mwandiko wake. Nikarudi dirishani.

"Hakuna mabadiliko," nikasema.

Kwa hiyo siku nilipofika hapa, mama wa nyumba hii, ambaye yuko posta kwenye chumba cha kuchambulia barua, aliniuliza, "Mama hajambo?" Nikajibu, "Hajambo." Neno moja. Wiki tano sasa nimekaa ndani yake.

Jumamosi, 6

Tumefunga mizigo. Mvua.

Jumapili, 7

Naandika bafuni, nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Chumba cha wageni ni kimoja, vitanda vinne, na mlango wenye komeo ni huu tu.

Kwenye gari nakaa nyuma, upande wa kushoto. Kulia kwangu kuna Kasuku, kati yetu sanduku la chakula, miguuni mabuti ya mvua ya watu wanne. Mlango wangu una kufuli ya watoto, haufunguki kwa ndani. Kila tunaposimama nangoja mtu akumbuke. Mara mbili leo hawakukumbuka, nikawatazama kupitia kioo chenye ukungu wakipiga hatua na miavuli yao, mpaka Kasuku akapiga kelele, "Tumemsahau Mgeni!"

Simu zote ziko kwenye mkebe wa biskuti. Ndiyo desturi yao ya wiki hii, ili watu watazamane. Mkebe anaupakata Mama Posta (mumewe anamwita hivyo), unafunguliwa saa moja jioni, mezani, dakika kumi.

Tumepanda mnara wa saa, ngazi mia mbili na kumi na mbili. Juu hapakuonekana kitu, wingu tupu. Baba Ratiba alitupiga picha mbele ya wingu.

Chini kuna duka. Mama Posta alinunua kadi yenye picha ya mnara. "Kila siku tutamtumia mama yako moja, kila siku muhuri wa mji mwingine. Wewe utachagua picha, mimi nitaandika. Mama na mama. Nipe anwani."

Nikampa. Ni anwani yetu kweli. Alinakili kwa herufi kubwa, zilizonyooka, kama za kwenye magunia. Akaitumbukiza kwenye sanduku jekundu na kulipiga makofi mawili, kama mtu anayemuaga dereva.

Jumatatu, 8

Jumba la makumbusho la treni. Saa nne nzima. Baba Ratiba alisimama mbele ya ratiba ya zamani iliyowekwa kwenye fremu akawa anatikisa kichwa. "Walikosea kwenye daraja," alisema kwa uchungu, kama juu ya ndugu yake.

Nilitazama viti vya daraja la kwanza. Ngozi ya ng'ombe, mshono wa mara mbili, mkono wa mtu mvumilivu. Mama alikuwa hivyo, akikutana na mtu anatazama pindo kwanza. Akishajua pindo ndipo anauliza habari za watoto.

Kadi ya pili imekwenda.

Saa moja jioni nilimwandikia dada. Yeye amebaki na simu ya mama, kwa sababu wateja bado wanapiga kuulizia nguo zao. Nimemwambia Jumamosi saa tano watapiga, na nimemwomba apokee kama mama. Dakika tano tu. Nikabonyeza kutuma huku Kasuku akininyooshea shingo.

Jumanne, 9

Pango lenye taa. Kadi ya tatu. Wakati wa chakula Kasuku alimuuliza mama yake barua za watu waliohama huenda wapi.

"Mletabarua anapiga muhuri wa 'mwenyewe hayupo', inarudi ilikotoka. Zinapita mkononi mwangu. Waliohama, waliofariki, wote wanarudi kwangu." Akachovya mkate. "Kwa hiyo msijaribu kunidanganya kwa barua."

Nikasema nimeshiba.

Jumatano, 10

Bustani ya vioo, mimea ya nchi za joto ndani, mvua juu ya paa. Joto la humo lilinifanya nitake kukaa chini. Mama Posta alinishika kiwiko. "Mama yako angependa ua lipi?"

Nikaonyesha jeupe lenye kingo zilizokunjamana. Nikasema angelitazama akafikiria kola ya mtoto. Alicheka, akataka kujua zaidi: kola ya namna gani, anashona za watoto, anauma uzi au anakata kwa mkasi? Anauma, nikasema. Huwa anauma. Nilizungumza njia nzima hadi kwenye gari, sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema "huwa" kila mahali.

Jibu la dada: "Umerukwa na akili? Sauti ya mama siiwezi na sitaki. Omba kingine chochote. Waambie."

"Nani anakuandikia marefu hivyo?" Kasuku.

"Dada yangu."

"Na mama yako mbona haandiki?"

"Ana kazi nyingi."

"Wiki nzima?"

"Wewe mtoto, mkebe!" alisema baba yake, na dakika kumi zikaisha.

Alhamisi, 11

Leo nilisema.

Tulikuwa kwenye maporomoko, mimi na Mama Posta kwenye ukingo wa chuma, wengine wamekwenda kununua chai. Amevaa koti la plastiki la njano, nywele zimemganda kwenye paji la uso, anatabasamu kama msichana. Nikafikiri, sasa au sitasema tena. Nikasema, "Mama yangu alifariki." Sauti yangu ya kawaida.

"Eeeh? Sikusikii!"

Ningerudia. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini uso wake ulikuwa umeinuliwa kwangu, una furaha kabisa, na maji yanamchuruzika kidevuni.

"Nasema maji ni mengi!"

"Mengi mno!" alipaza sauti, akanikumbatia.

Kwenye gari vioo vyote vilikuwa na ukungu. Nilichora mstari wa mshono kwa ukucha, nukta, nukta, nukta, hadi kwenye kitasa kisichofungua. Sijamwita Mama Posta "mama" hata mara moja tangu nifike. Namsalimia shikamoo, naishia hapo. Nadhani anafikiri nina kiburi.

Kadi ya tano.

Ijumaa, 12

Duka la glavu. Mzee mwenye duka anazishona mwenyewe na ana kibao chenye umbo la mkono kwa kila kipimo. Mama Posta aliniambia, "Chagua za mama yako. Hizi si za kutuma, utampelekea mwenyewe."

Ningeweza kunyoosha kidole popote. Badala yake nilikaa karibu saa nzima. Nilizigeuza nje ndani, nikapitisha ukucha kwenye mshono wa kila kidole. Nilikataa nyeusi, mama aliogopa nyeusi, ilimficha uzi. Nilikataa zenye kifungo kwa sababu angekifungua na kukihamisha. Nikachagua za kahawia, ndogo kuliko zote za watu wazima. Baba Ratiba alitazama saa mara saba, akaendelea kungoja.

Nilipotoka nje nilijua kitu ambacho nakiandika kwa aibu. Nilikuwa na raha. Tangu Januari hakuna aliyeniuliza mama angependa nini. Waliniuliza kama nimezoea.

Kadi ya sita. Kesho saa tano.

Jumamosi, 13

Mvua haikukatika. Siku nyingine tungekuwa tumeshaondoka, lakini ratiba ilisema simu kwanza, kwa hiyo tulikaa chumbani juu ya vitanda na mizigo yetu imefungwa, kama watu wa kituoni. Mama Posta alichana nywele. Alipaka rangi ya mdomo. Kwa ajili ya simu.

"Dakika mbili," alisema Baba Ratiba, saa mkononi.

"Namba, mwanangu."

Nikaitaja. Naijua tangu sijaanza shule, mama alinifundisha kwa kuimba, nikipotea. Mama Posta akaweka sauti juu, akalaza simu kitandani katikati yetu. Ikaita mara nne. Nilikuwa naomba asipokee.

"Haloo?" Dada.

"Mama Mgeni! Hatimaye! Mimi ndiye ninayekaa na binti yako huku!"

Nikaisikia mvua, nikaisikia na redio ya nyumbani kwetu, jikoni. Kisha dada akakohoa kidogo, kile kikohozi kifupi, akasema kwa meno yaliyofungwa:

"Samahanini. Nina pini mdomoni."

Hakuwa dada. Siku zote mama alipokea simu hivyo, na pini pembeni mwa mdomo, na watu walidhani amekasirika.

"Endelea na kazi yako, mama, nitaongea mimi!" Mama Posta alikuwa anacheka. "Binti yako ana adabu mpaka inatia hasira."

"Hiyo si adabu, ni ubishi. Mpe chakula atasema nimeshiba. Ukigeuka, anakomba sufuria."

"Kweli!" Kasuku aliruka juu ya kitanda. "Nilimwona!"

"Na mgongo? Ananyoosha mgongo? Mwambie asimame wima. Nimemwambia tangu yuko hivi, Kidole, simama wima nikupime."

Hapa hakuna aliyewahi kusikia jina hilo. Nilikuwa na miaka minne, nikaweka kidole chini ya sindano ya cherehani kuona kama itanijua. Mama alinifunga kwa kitambaa cha bitana na toka siku hiyo nikawa Kidole. Nilisimama. Sikukusudia. Nilisimama wima katikati ya chumba, mikono ubavuni.

"Sasa sikiliza," alisema Mama Posta, "nina zawadi yako. Glavu. Binti amezichagua lakini mimi nataka kuhakikisha. Mkono wako ni mdogo kweli?"

Ikasikika redio ya jikoni tu.

"Haloo?"

"Mkono wangu," alisema dada, na ile sauti ilikuwa imeondoka. Dada ana mikono mikubwa, ya baba. "Mkono wangu..."

"Mtandao," alisema Baba Ratiba.

Haukuwa mtandao. Nilimsikia akipumua kama alivyopumua Januari, tulipokuwa tukikunja nguo za wateja ambazo hazikuwa zimemalizika, kila moja na karatasi yake ya kijani.

"Dada," nikasema. "Basi. Umeweza. Basi."

Wote walinigeukia. Nilikuwa bado nimesimama wima. Nikasema, "Huyo ni dada yangu. Mama alifariki Januari. Fomu aliijaza yeye kwa mwandiko wake, wakaniambia nikate, sikukata."

Sauti ya dada ikaja kutoka kitandani, ndogo. "Shikamoo, mama. Utusamehe. Nilimwambia sitafanya. Halafu ulivyofurahi vile, nikashindwa kukwambia siye."

Mama Posta aliitazama simu. "Siku sita," alisema. "Siku sita namwandikia. Nimemweleza hadi goti langu." Akainuka, akatoka bila koti.

Hakuna aliyemfuata. Kasuku alianza kusema kitu na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaacha. Nilimuaga dada, nikachukua mwavuli.

Alikuwa kwenye gari, nyuma, upande wangu, amekaa katikati ya mabuti. Nadhani ndio mlango uliokuwa karibu. Aliponiona alifuta uso na kuvuta kitasa. Akavuta tena. Akanitazama kupitia kioo. Nikamfungulia.

"Huu mlango haufunguki?"

"Haufunguki kwa ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Na umekaa humu wiki nzima, hukusema."

Alisogea. Nikaingia, nikauacha mlango wazi, mguu wangu mmoja nje kwenye mvua.

"Umeniacha nimwandikie mtu ambaye hayupo kama mpumbavu," alisema. "Mimi. Ninayezipokea zikirudi. Ningezishika kwa mkono wangu, mwanangu, ningeuona muhuri nikiwa kazini mbele ya watu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa unaniuliza angependa nini." Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Hakuna mwingine aliyeuliza."

Mvua ilikuwa inanilowesha goti. Alipangua na kupanga mabuti kwa mguu wake, kila moja na mwenzake.

"Mkono wake," alisema mwishowe, na bado alikuwa na hasira, niliisikia. "Ulikuwa mdogo kweli?"

"Mdogo. Na dole gumba lilikuwa na chaki. Hata akinawa."

"Chaki ya rangi gani?"

"Ya bluu. Nyeupe aliwawekea wateja wa harusi."

Akauliza kingine, na kingine. Nilijibu kila kimoja. Sasa nilisema "alikuwa" kila mahali.

Baba Ratiba alikuja na mwavuli mkubwa na karatasi yake. Alisimama hapo akilowa, kwa sababu mwavuli alikuwa anatukinga sisi. Alituonyesha. Kuanzia saa 5:00 hadi usiku alikuwa amepitisha mstari mmoja wa penseli, kwa rula.

"Tunafanya nini sasa?" Kasuku alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Sijui," alisema baba yake. "Hapajaandikwa."

Jumapili, 14

Tumerudi. Mama Posta haongei sana na mimi. Chai ananiwekea. Glavu amenipa: "Ni zako za kufanya utakavyo." Zinanibana kwenye dole gumba. Nimezivaa jioni nzima.

Kadi haziwezi kurudishwa. Nilimuuliza. "Ikishaingia kwenye sanduku si yangu tena, hata mimi sina ruhusa," alisema.

Baba Ratiba ameng'oa kufuli ya watoto kwa bisibisi.

Alhamisi, 18

Nimebandika soli. Mwalimu ameridhika na mshono, hajaridhika na kisigino.

Ijumaa, 26

Mvua imepungua. Kila jioni Mama Posta akirudi kazini namtazama mkoba wake. Anajua namtazama. "Bado," anasema, anatundika koti.

Jumanne, 30

Dada alipiga leo jioni. Kadi zimefika, zote sita kwa mpigo. Mletabarua wa kwetu alizileta mkononi, baiskeli ameiegemeza ukutani. Ni yule aliyeshonewa sare na mama miaka yote, bega moja likiwa chini kuliko jingine naye hajui, mama alikuwa analificha kwa pamba. Alimwambia dada, "Hizi natakiwa kuzipiga muhuri nizirudishe. Nimekaa nazo siku tatu. Sikuweza."

Dada akanisomea. Za mwanzo ni za mnara na mvua na goti. Mama Posta anamlalamikia mama kuhusu ngazi kama mtu wa rika lake. Ya sita ni fupi. Nilimwomba dada aisome polepole, nikainakili:

"Mama Mgeni, leo binti yako amekuchagulia glavu. Amekagua mshono wa kila kidole kama daktari. Yeye huona mishono ya watu kabla ya nyuso zao, nadhani kakuiga wewe. Hajaniita mama hata siku moja. Nilikuwa naumia, leo nimeacha. Nafasi hiyo ni yako, wala siigusi."

Nilikwenda jikoni. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo kwangu, zipu ya sketi yake imeshonwa upya na mtu asiyejua zipu. Nitaifumua Jumamosi.

"Mama Posta," nikamwita.

Aligeuka haraka, mikono ina povu. Katika miezi hii yote sikuwa nimemwita kitu.

"Zimefika," nikasema. "Zote sita. Hazikupigwa muhuri."

Alisimama akinitazama. Povu lilikuwa linadondoka sakafuni.

"Ya mwisho imechukua siku ngapi?"

"Kumi na nane."

"Wazembe," alisema, akageukia sahani zake. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha.